Mate ya Tausi

4 Februari

Dada,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatufiki dakika ya tatu bila mmoja kumkatia mwenzake. Tangu tumzike baba ni hivyo hivyo, mwaka wa nne huu. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza anachotaka kusema. Basi pokea salamu, na swali la hali nimeshajijibu mwenyewe: u mzima na una hasira kidogo.

Nina maombi mawili, yote ya mbwa.

La kwanza. Kazini wananipeleka mafunzo ya wiki nne, ni ile mashine mpya ya kukatia vioo vya miwani. Tausi siwezi kumwachia jirani, jirani mwenyewe anaogopa hata paka. Naomba nikuletee. Anakula mara mbili kwa siku, analala popote, na hajawahi kumwuma mtu asiyestahili.

La pili ni zito. Unakumbuka maneno ya baba mwaka wake wa mwisho: Kamanda wako na Tausi wangu wakipandishwa, watoto wao ndio mbwa aliokuwa akiwatafuta miaka thelathini. Koo zake mbili zikutane, basi. Baba alikufa Tausi akiwa bado mtoto, na sisi tukaanza kununiana. Sasa Tausi ana miaka minne na nusu, na joto lililopita, zile siku zake za kutaka dume, lilimwachia usaha kwenye kizazi. Daktari wa mifugo amemtibu akaniambia wazi: joto linalokuja, mwanzoni mwa Mei, apandishwe. Kama hapandishwi, atolewe kizazi kabla joto halijaanza, maana usaha ukirudi utamuua. Kwa hiyo ni mara hii au basi.

Tatizo ni sharti jipya la chama cha wafugaji. Kila mbwa apimwe kwanza ule ugonjwa wa kuyumba, uliomfanya yule dume mweusi wa baba atembee kama mlevi mpaka akashindwa kusimama. Kumbe ni wa kurithi. Kila mbwa amepewa nakala mbili za kinasaba kinachouleta, moja ya baba yake na moja ya mama yake. Zote mbili nzima, mbwa ni safi. Moja mbovu, ni mbebaji: haugui, ila anaweza kuurithisha. Zote mbovu, ni mgonjwa. Wabebaji wawili wakipandishwa, katika watoto wanne tegemea mmoja atayumba, na chama hakiruhusu. Lakini mbebaji na safi, hakuna mtoto atakayeugua.

Ndani ya bahasha kuna vijiti viwili vya pamba kwa ajili ya Kamanda. Kimoja shavu la kulia, kimoja la kushoto, usugue nusu dakika kila upande. Saa nzima kabla yake asile wala asilambane na mwenzake. Bahasha ya maabara nayo imo, majibu yatakuja kwangu. Tausi nimeshampima, karatasi yake ninayo. Amebaki wa kwako.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,
Chiriku


11 Februari

Chiriku,

Barua nimeipata, na vijiti, na ile picha ambayo hukuitaja popote lakini ilikuwa imelala katikati ya karatasi kama imeingia kwa bahati mbaya. Tausi na nishani shingoni, wewe na nywele mpya, na hapo chini jarida la chama limeandika "mikono iliyorithi kipaji". Hongera. Mikono yangu mimi imerithi ufagio na dawa ya kuoshea sakafu.

Mlete mbwa wako. Nitamweka banda la mwisho, lile lenye jua la asubuhi, ingawa najua utasema kwako analala kwenye zulia.

Hilo la kupima sikatai. Ila umeniandikia kama mkaguzi. "Amebaki wa kwako." Kamanda nimemlea kwa mkono huu, tangu usiku aliozaliwa. Wewe hukuwepo, ulikuwa na mtihani. Ulipougua mguu wa baba hukuwepo, ulikuwa kazini. Baba alipogawa, wewe ukapewa jike zuri kuliko wote aliowahi kuwa nao, mimi nikaachiwa dume na mabanda kumi na mawili ya kusafisha. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba wa kwako lini aliwahi kuwa na kasoro?

Karatasi ya Tausi kaa nayo. Najua imeandikwa nini.

Dada yako


3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Najua simu masikio yako yameshaikataa, kwa hiyo barua itatusaidia sote, na hili ninalotaka kusema hata kwa simu nisingelisema.

Tausi yupo kwangu wiki ya pili. Sijawahi kuona mnyama anayependwa namna hii. Mleta barua ambaye hunitupia bahasha juu ya geti sasa anashuka kwenye baiskeli amsalimie. Yule mzee mwenye ghala, anayenunua mbwa wa ulinzi kwetu miaka tisa sasa, alisimama getini akauliza, "Huyu ni wa nani?" Nikamwambia ni wa mdogo wangu. Akasema, "Aa, nilijua." Alijua nini, Shangazi? Hata Kamanda, yule mwenye kiburi chake, alimpisha mlangoni. Na siku ya kwanza Tausi alipoingia ndani alikwenda moja kwa moja kulala chini ya kiti cha baba. Mimi nafagia chini ya kile kiti kila siku, sijawahi kupata ujasiri wa kukikalia.

Nitakwambia ukweli, nina wivu. Nimeuita majina mengine miaka yote, uchovu, hasira, kunyimwa haki. Ni wivu. Baba alipokuwa kitandani mimi ndiye niliyekuwa namgeuza, namwosha, namlisha. Kila jioni anauliza, "Chiriku amepiga?" Hajawahi kuniuliza mimi nimekula.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumatatu Kamanda aliteleza bandani, miguu ya nyuma ikaenda upande. Jumatano tena. Nikakaa kwenye ndoo. Akilini nikaona karatasi imeandikwa KAMANDA, MGONJWA, na Chiriku anaisoma, anasikitika kwa ile sauti yake ya huruma. Na wa kwake ni safi, amepigwa mhuri.

Nikafunga mlango wa jikoni, nikamwita Tausi badala yake. Alikaa chini kabla sijamwambia. Nikamfungua mdomo, kulia nusu dakika, kushoto nusu dakika, akawa ananitazama tu. Kisha akanilamba kiganja. Nikaandika juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, KAMANDA, DUME. Nikaipeleka posta mwenyewe kwa miguu.

Mate ni mate, nani atajua? Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu kitu kizuri cha Chiriku kiandikwe jina langu.

Usimwambie mtu.

Mtoto wa kaka yako


10 Machi

Wewe mtoto,

Marahaba. Nimeishi miaka sabini na sita. Nimeona watu wakiiba kuku, wakiiba waume, na mmoja aliiba mlango wa choo na fremu yake. Mwizi wa mate ndiyo kwanza nakusikia wewe.

Nimecheka, halafu nikaacha kucheka. Hivi umefikiri? Huyo Kamanda akiwa kweli mgonjwa, atayumba mwenyewe mbele ya watu wote, na hapo utasema nini, kwamba amelewa? Mficha maradhi kifo humuumbua. Na kama hana ugonjwa, umeiba cha nini?

Wivu wenu mmeurithi, usidhani umeuanzisha wewe. Baba yenu alininunia miaka miwili kwa sababu mimi nilinunuliwa baiskeli na yeye akapewa kengele yake tu. Lakini alininunia usoni kwangu, nikajua, tukapigana, yakaisha. Huu wa kwako unapita mlango wa nyuma.

Mwandikie mdogo wako. Mwambie umekosea, akuletee vijiti vingine. Atapiga kelele siku mbili. Siri yako nitaitunza kwa kuwa umeniomba, lakini naitunza kwa shingo upande.

Mkate kucha huyo mbwa. Mbwa wa baba yenu wote walikuwa wanateleza kwa kucha.

Shangazi yako


30 Machi

Dada,

Kwanza asante kwa Tausi. Amerudi kanenepa, na sasa kila nikifungua mlango wa jikoni anakaa chini kwa adabu na kufungua mdomo. Sijui umemfundisha nini, ila wenzangu kazini niliowasimulia wamefurahi sana.

Majibu ya Kamanda yamefika leo. Nimeyazungusha mkononi tangu mchana. Ni mbebaji, Dada. Haugui, hataugua, usiogope. Nakala moja mbovu, moja nzima.

Sasa naomba ukae chini, na usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Tausi pia ni mbebaji.

Nilikuambia karatasi yake ninayo. Sikukuambia inasema nini, ukadhani, nami nikakuacha udhani. Niliipata Januari. Nikaificha kabatini chini ya mashuka, na siku ileile jarida la chama likaniletea ile picha. Niliona aibu kubwa. Nilijua utasema nimepewa kitu kimoja tu na baba na hata hicho kina ufa. Nikapiga hesabu kichwani: Kamanda akiwa safi, hakuna mtoto atakayeugua, na hakuna atakayeniuliza. Nilikuwa namhitaji mbwa wako. Ningesema hivyo, kwamba nakuomba, nakuhitaji, ningepungukiwa nini? Badala yake nikajifanya namkagua.

Sasa wote wawili ni wabebaji, na chama hakitaruhusu. Hata kingeruhusu, nisingeweza kumtazama mtoto mmoja kati ya wanne akianguka kama alivyoanguka yule mweusi. Mbwa wa baba wameishia hapa, naona. Nimelia, nisikufiche.

Nisamehe kwa kukuficha.

Mdogo wako,
Chiriku


5 Aprili

Chiriku,

Nimeipata. Kwa hiyo Tausi naye ana lake. Miezi yote nimekuwa nikipita mbele ya ile picha ya nishani, nimeibandika ukutani jikoni ili nisionekane nina roho mbaya, kumbe mwenye nishani alikuwa na karatasi chini ya mashuka.

Sina la kukulaumu. Kila mtu ana kabati lake. Nakushauri tu siku nyingine usiwapime wenzio kabla hujasema la kwako.

Kuhusu Kamanda, ndiyo hivyo. Tumwachie Mungu.

Dada yako


6 Aprili

Shangazi,

Nimecheka peke yangu bandani mpaka mbwa wakaanza kubweka. Tausi ni mbebaji! Yule malkia! Nilikwenda kuiba dhahabu nikaiba shaba, na shaba yenyewe ni ya mdogo wangu. Chiriku anadhani wabebaji wako wawili. Hakuna wa pili, karatasi zote mbili ni za mbwa mmoja. Kamanda hajapimwa na mtu.

Najua utakavyosema. Nami nimelala usiku mmoja nikiwa na aibu, ila ni mmoja tu. Usiku wa pili nililala fofofo, sijalala hivyo tangu msiba. Unajua ni raha gani kumsikia Chiriku akisema "nakuhitaji"? Nimeisoma hiyo sentensi mpaka karatasi imelegea.

Usidhani nimekuwa mnyama. Nimeagiza vijiti vingine kwa jina langu, na safari hii nimemsugua Kamanda mwenyewe, mashavu yote mawili. Majibu ni wiki tatu. Akiwa safi, nitamwambia Chiriku kila kitu na watapandishwa, muda utakuwepo. Akiwa mbebaji kweli, au mgonjwa, kitakuwa kimebadilika nini? Hawatapandishwa vilevile. Kwa nini nijichome bure?

Acha naye aonje wiki tatu za kuwa na mbwa mwenye kasoro. Mimi nimeonja miaka minne.

Kucha nimemkata. Hajateleza tena.

Mtoto wa kaka yako


13 Aprili

Wewe,

Sina salamu leo. Unajua mwenzio analia na unapima muda wa kilio chake. Wivu wa kuiba nilikuwa nauelewa. Huu wa kukaa ukitazama siuelewi, na sitaki kuuelewa.

Mwandikie leo hii. Mwambie kuna matumaini, hata kama hutaki kumwambia kwa nini. Mimi nilikuahidi kunyamaza na sijavunja ahadi tangu nizaliwe, na sasa najuta kuahidi.

Shangazi yako


17 Aprili

Dada,

Hukunijibu vizuri safari ile, na ilikuwa haki yako. Naandika tena kwa sababu sina mwingine wa kumwuliza.

Daktari ameniita. Anasema Tausi yuko vizuri sasa, na kama nitamtoa kizazi basi ni kabla ya mwisho wa mwezi, joto likianza hatagusa kisu. Nimetafuta dume mwingine. Yule wa mwalimu anayefunza mbwa mazoezi ni safi, lakini si wa ukoo wa baba, ni mbwa tu. Nikampeleka Tausi wakaonane, akamgeuzia mgongo akaja kukaa juu ya viatu vyangu. Mwalimu akasema jike wangu ana maringo. Nikamwambia ana ukoo.

Kila nikifika kwa daktari nakaa kwenye benchi, nikiitwa nasema nitarudi kesho. Sijui nangoja nini. Kuna kitu kinaniambia bado kuna njia, labda maabara walikosea, labda nipime tena, halafu naona najidanganya kama mtoto.

Wewe ndiye unayewajua mbwa wa baba. Ulikuwepo kila siku, mimi nilikuwa nakuja sikukuu tu na kuondoka na sifa. Ukiniambia ningoje, nitangoja, hata daktari akasirike. Ukiniambia mtoe, nitamtoa na sitakulaumu kamwe.

Nifanyeje, Dada?

Chiriku


21 Aprili

Chiriku,

Mimi si daktari. Waliosoma wameshakuambia, sasa unataka na mimi niseme nini? Afya ya Tausi ndiyo ya kwanza. Fuata ushauri wa daktari.

Hapa tuko salama. Banda la nne bomba lilipasuka, nimeshaliziba.

Dada yako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Nimekupigia mara sita tangu asubuhi hupokei. Barua hii nampa dereva wa basi la saa saba, nimemwapisha akukabidhi mkononi. Soma umesimama ukipenda, kisha mkimbilie daktari.

Kamanda ni safi. Safi kabisa, nakala zote mbili nzima, karatasi ninayo hapa mbele yangu imepigwa mhuri wa jana. Usimtoe Tausi. Mlete hata leo usiku, nitawabananisha mbwa wote kwenye mabanda mawili nimwachie yeye mahali pote.

Karatasi ile ya kwanza haikuwa ya Kamanda. Yale mate yalikuwa ya Tausi. Nilimwita jikoni nikamsugua yeye, nikaandika jina la Kamanda. Nilidhani wa kwako ni safi, na niliogopa wangu ni mgonjwa, alikuwa ameteleza mara mbili. Kumbe ni kucha. Uliponiandikia kwamba Tausi ni mbebaji nilijua palepale kwamba umeandikiwa mbwa mmoja mara mbili. Nilijua tangu mwanzo wa mwezi. Ningeweza kusema na sikusema.

Nikikwambia nilikuwa nangoja majibu ya pili, ni kweli, na si kweli. Nilifurahi, Chiriku. Nilifurahi kwamba unalia na mimi silii. Maisha yangu yote nimekuona ukiingia chumbani na watu wakageuza vichwa, hata baba, hata mbwa. Nilikuonea wivu mpaka nikasahau wewe ni nani wangu. Nimeandika sasa, sina kingine kilichobaki ndani.

Nitukane utakavyo, ukija. Muhimu uje naye. Nimeshapaka chokaa chumba cha kuzalia, kile baba alichokijenga mwenyewe, na nimetoa majembe yote.

Dada yako anayekungoja getini


3 Mei

Dada,

Dereva alinikabidhi barua jioni ile ile. Ni mwaminifu, alikataa hata maji.

Tausi alitolewa kizazi tarehe ishirini na saba, saa nne asubuhi. Daktari alinionyesha kwenye beseni. Alisema kimepona vizuri, usaha wote ulikwisha, angeweza kuzaa hata watoto wanane. Alidhani ananifariji. Simu zako niliziona, nilikuwa nimelala sakafuni naye kwa sababu alikuwa anatetemeka, nikasema moyoni sitaki kusikia mtu akiniambia nilikosea tangu mwanzo.

Habari ya mate nimeisoma nikacheka, amini usiamini. Nilikuona pale jikoni na kijiti, na huyu mjinga anakufungulia mdomo. Hiyo ningekusamehe kabla chai haijapoa. Uliogopa, na mimi niliogopa, ndiyo maana nikaficha karatasi yangu. Ningesema kweli Februari, usingekuwa na kitu cha kuiba. Hilo ni langu na nitalibeba.

Lakini tarehe kumi na saba nilikuuliza. Nilikuandikia nifanyeje. Ulikuwa na jibu, Dada. Ulikaa mezani, ukachukua kalamu, ukaandika habari za bomba.

Unasema watu waligeuza vichwa. Mimi sikuwa natazama vichwa vyao. Nilikuwa nakutazama wewe, kwa sababu baba alipokuwa anakufa alikushika mkono wewe, na nilipofika mimi alikuwa hamtambui mtu. Nilipewa mtoto wa mbwa nimbebe ili nisilie ndani ya basi. Nilikuonea wivu wa kila beseni ulilombebea. Ile nishani niliitafuta ili uione, na picha niliiweka kwenye bahasha makusudi, nikitumaini utasema, umefanya vizuri, mdogo wangu.

Kamanda ni safi, na hilo ni jambo jema. Tafuta jike aliye safi, mpandishe. Watazaliwa wazuri, watu watapanga foleni getini kwako, na watasema ni mbwa wa baba yetu, nusu yake itakuwa kweli. Sina kinyongo na mbwa.

Shangazi amenipigia, alipiga kelele kwa sababu hasikii, nami nilipiga kelele kwa sababu hasikii, tukalia hivyo hivyo. Anataka nije tukae mezani. Nitakuja, siku moja. Sijui ni lini.

Ila watoto wa Kamanda wakizaliwa usiniletee hata mmoja. Najua utataka, najua utachagua aliye bora na kumfunga utepe. Nimejaribu kujiona nikimpokea na nimeshindwa. Nitamtazama nione wale wanane, na nitakuonea wivu mpaka nikuchukie, na mpaka leo sijakuchukia.

Mdogo wako